Tundu la milimita 5, safari ya kilomita 600

(Hotuba kwa wazazi na wauguzi wa kliniki za watoto, Siku ya Kichwa Kikubwa na Mgongo Wazi Duniani, 25 Oktoba)

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari wangu ninaowapangia vifaa kila siku, wauguzi wenzangu, na ninyi wazazi mliokuja na watoto: itifaki imezingatiwa. Naomba nizungumzie hapa chini, maana spika ya pale jukwaani inapiga mluzi na kuna watoto wamelala.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi yangu ni kusimama pembeni ya meza na kumpa daktari kitu anachokitaka kabla hajakitaja. Nimeombwa niwaeleze upasuaji wa kichwa kikubwa, yaani maji yaliyojaa ndani ya ubongo, kwa njia ya tundu linaloyafungulia mlango, na nitaueleza kama ninavyouona kwenye skrini. Lakini kabla ya skrini kuna hiki hapa. Walioko nyuma mnakiona? Futikamba ya fundi cherehani. Nimeinunua Kariakoo kwa bei isiyozidi chapati mbili na chai. Tutarudi kwake.

Kwanza jina. Wengine wanasema kichwa maji. Mimi silipendi, kwa sababu mtaani kichwa maji ni tusi la mtu ambaye akili haijatulia, na mtoto wa miezi mitatu hajamkosea mtu. Tunasema kichwa kikubwa, na hata chama cha wazazi kinatumia jina hilo. Sawa, tulitumie, ila nalo lina kasoro moja: linamfanya mama asubiri mpaka kichwa kiwe kikubwa kweli. Kikishakuwa kikubwa kiasi cha jirani kuuliza, sisi kule ndani tunakuwa tumechelewa.

Sasa maji yenyewe. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vinavyopitisha maji. Maji hayo ni safi, meupe kama ya chupa, na kila binadamu anayo. Sehemu kubwa hutengenezwa na vichaka vya mishipa midogo ya damu vilivyoota ndani ya vyumba hivyo. Kwa mtu mzima hutengenezwa kama nusu lita kwa siku, na yanayokuwapo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Maana yake yanabadilishwa mara tatu hivi kwa siku. Yanatoka vyumba viwili vya juu, yanaingia cha tatu, yanapita kwenye mfereji mwembamba sana hadi cha nne, kisha yanatoka nje kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwishowe yanarudi kwenye damu.

Mkazi wa Dar es Salaam nikimwambia Jangwani, lile bonde linalofurika, wakati wa masika, sina haja ya kuendelea. Maji yanashuka kutoka milima ya Pugu kama yanavyoshuka siku zote. Shida inaanza yanapokosa njia. Ubongo ni hivyo hivyo: vile vichaka haviachi kutengeneza maji eti kwa kuwa mfereji umeziba. Vyumba vinajaa, vinatanuka, vinausukuma ubongo kwenye mfupa. Mtu mzima mwenye fuvu lililoshikana huumwa kichwa, hutapika na huweza kupoteza fahamu upesi. Mtoto mchanga mifupa yake bado haijaungana, kwa hiyo kichwa kinaongezeka na kumpa muda. Muda huo tunaupoteza sisi watu wazima.

Kwa nini mfereji unaziba? Wengine huzaliwa hivyo. Wengine wana mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga wakiwa tumboni, na wengi wa hao hujaa maji baadaye. Njiti anaweza kuvujia damu ndani ya vyumba. Lakini kwa ukanda wetu, sababu inayonikera kuliko zote ni maambukizi. Katika watoto 300 wa mwanzo walioandikwa kwenye hospitali ya CURE ya Mbale, mashariki mwa Uganda, karibu asilimia 60 walipata kichwa kikubwa baada ya maambukizi, na wengi wao walikuwa na historia ya homa na degedege wakiwa hawajatimiza hata mwezi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba katika maji ya ubongo ya watoto wa Uganda wamekuta bakteria ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta, anaitwa Paenibacillus. Kwa hiyo mama akiniambia amelogwa, simcheki. Namuuliza tu: mtoto alipata homa akiwa na siku ngapi? Mara nyingi jibu linakuja haraka, pamoja na siku ya wiki.

Tiba iliyozoeleka ni mpira. Madaktari wanaita shanti. Ni mrija wa silikoni unaotoka ndani ya chumba cha ubongo, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani, unamwaga maji tumboni, na mwili unayafyonza. Katikati kuna valvu inayozuia yasitoke kwa kasi wala kurudi nyuma. Valvu iliyoifungulia dunia njia hii ilitengenezwa mwaka 1956 na John Holter, fundi mitambo wa Pennsylvania, Marekani. Hakuwa daktari. Mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, naye akaingia karakanani. Wazazi mliopo hapa, mkiambiwa hamjui kitu, mkumbukeni fundi yule.

Na mpira si lazima uwe wa ghali. Kule Mbale walilinganisha mpira wa India uliouzwa dola 35 na wa Marekani uliouzwa dola 650, kwa watoto 195. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana. Nalisema hili kwa sababu kuna mzazi aliyeuza shamba la mikorosho akiamini mpira wa ghali ndio utakaomponya mwanawe. Shamba halirudi.

Sasa mbona tunatafuta njia nyingine? Kwa sababu mpira unaziba, unakatika, unaingia wadudu, na mtoto anakua na kuuacha ukiwa mfupi. Hata kwenye nchi tajiri, mipira mingi huhitaji kurekebishwa ndani ya mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Tofauti ni kwamba kule mama hupiga simu na gari linakuja.

Mtaniruhusu nimtaje mama mmoja bila jina. Anatoka Tandahimba, zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam. Mwanawe aliwekewa mpira akiwa na miezi mitano, akaendelea vizuri, akaanza kuongea, akawa anaimba. Akiwa na miaka mitatu akaanza kutapika asubuhi na kusinzia mchana. Mama akampeleka kituo cha karibu. Wakapima malaria, kipimo kikasema hana, wakampa dawa ya malaria. Siku ya nne macho yakageuka. Siku ya sita wakafika kwetu. Mpira ulikuwa umeziba upande wa juu. Tuliubadilisha kwa muda usiofika saa mbili. Mtoto alipozinduka aliimba ule wimbo wake. Kisha akauliza kwa nini taa zimezimwa, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Hakuona tena. Sitaji kituo, kwa sababu wahudumu wa pale hawakuwa wabaya. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mtoto mwenye mpira kichwani akitapika, tunaufikiria mpira kabla ya malaria. Wauguzi wenzangu, kama mtaandika kitu kimoja leo, andikeni hicho.

Tangu siku ile, daktari anaponiambia tundu ni bora kwa sababu ni la kisasa, namwambia sijali usasa. Mimi nauliza mtoto huyu analala wapi. Kama analala Kigamboni, mpira unaweza kumfaa. Kama analala Tandahimba, namtakia tiba isiyohitaji fundi kila mara.

Swali hilo hilo lilimkuta Benjamin Warf, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alipokwenda Mbale kuanzia mwaka 2000. Watoto walikuja kwa mamia, kutoka vijiji ambavyo barabara yake hukatika mvua ikinyesha. Kumwekea mpira mtoto wa namna hiyo na kumwambia arudi ukiziba, aliona ni kumkopesha mama kitu asichoweza kulipa. Akaenda kwenye mawazo mawili ya zamani sana yaliyokuwa yameachwa. La kwanza ni kutoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate mlango wa pembeni; William Mixter alilifanya kwa kamera huko Boston mwaka 1923, na kifaa chenyewe kilitengenezewa njia ya mkojo. La pili ni kuvichoma vile vichaka vinavyotengeneza maji. Daktari wa njia ya mkojo wa Chicago, Victor Lespinasse, alilijaribu kwa watoto wawili mwaka 1910. Mnaona, ubongo umeazima vifaa kwenye kibofu. Warf akayaunganisha mawazo hayo mawili katika upasuaji mmoja.

Matokeo aliyachapisha mwaka 2005, watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifanikiwa kwa asilimia 47. Kutoboa na kuchoma kwa pamoja, asilimia 66. Kwa wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 35 kwa 76. Sisemi imewezekana Afrika kana kwamba ni muujiza. Nasema imebuniwa Afrika, kwa sababu ya barabara zetu, na leo madaktari wa Marekani wanaifanyia watoto wao.

Haya, twendeni ndani.

Kabla mtoto hajaingia, kazi yangu ya kwanza ni kupasha maji ya kuoshea. Yawe na joto la mwili. Yakiwa ya baridi, au yakiingia mengi kuliko yanayotoka, mapigo ya moyo yanabadilika, na daktari wa usingizi anaanza kuita jina langu kwa sauti ambayo siipendi. Kwa hiyo mkono wangu mmoja uko kwenye maji yanayoingia na jicho langu kwenye yanayotoka.

Mtoto mchanga hatobolewi mfupa kwa mashine. Mungu ameacha dirisha: utosi. Daktari anapasua ngozi kidogo kwenye kona ya utosi, upande wa kulia, anafungua utando, na kamera nyembamba inaingia. Waandishi wa habari huandika "upasuaji bila kufungua kichwa". Si kweli, kichwa kinafunguliwa. Kinafunguliwa kidogo.

Kwenye skrini unaona kwanza weupe mtupu, halafu chumba kikubwa kama ukumbi. Kwa mtoto ambaye hakuugua maambukizi, ukuta ni laini na unang'aa. Kwa aliyeugua, mambo ni mengine: makovu, vumbi la njano, nyuzinyuzi kama nyumba ya buibui darini. Nikiona hivyo huwa nakohoa kidogo chini ya barakoa, tabia tu, maana najua kazi itakuwa ndefu.

Kuna mlango wa duara. Kichaka chekundu kinaning'inia na kuingia humo kama mwani unaovutwa na mkondo wa maji, ukikifuata hupotei. Kamera inapita mlangoni, inaingia chumba cha tatu, inatazama sakafu. Sakafu kwa mtoto aliyejaa maji imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, unaweza kuona kilicho chini. Kuna vidoto viwili vyeupe nyuma, kama punje za mahindi machanga, na alama nyekundu mbele. Tundu linatobolewa katikati ya hapo. Na chini yake, ukitulia, utauona mshipa mkubwa wa damu unaolisha shina la ubongo ukipiga, tup, tup. Hapo ndipo chumba kizima kinanyamaza. Hata daktari anayependa kupiga soga kuhusu Simba na Yanga ananyamaza.

Anatoboa kwa ncha butu. Nampa katheta, mrija mwembamba wenye kiputo mwishoni. Anaipitisha, kiputo kinajazwa polepole, tundu linapanuka kufikia kama milimita 5. Anakitoa. Halafu tunasubiri. Kama tundu limeshika, sakafu inaanza kupepea juu na chini kama pazia lililopata upepo, kwa sababu maji yanapita. Nimeiona mara nyingi, na bado huwa naipenda.

Baada ya hapo ni kuchoma. Kichaka kinaguswa kwa umeme mdogo, kinasinyaa, kinageuka kutoka wekundu kuwa weupe, kipande kwa kipande, upande mmoja kisha wa pili. Inachukua subira. Mwisho ni kushona ngozi, na hapa nawaambia wauguzi wa wodi: kidonda hiki kikivujisha hata tone, msingoje kesho.

Wazazi, mkimpokea mtoto msitegemee kichwa kitakuwa kimepungua. Hakipungui siku hiyo, na kwa wengi hakirudi kabisa kuwa kama cha wenzake; mwili ndio unaokikuta taratibu. Mnachotazama ni utosi. Ukiwa laini na umebonyea kidogo mtoto akiwa ametulia amekaa, tunafurahi. Ukijaa tena na kuwa mgumu, rudini.

Maana tundu nalo linaziba. Lazima niseme, kwa sababu nimewasikia watu redioni wakilinadi kama sabuni. Mafanikio yanategemea umri wa mtoto, chanzo cha ugonjwa, na kama amewahi kuwekewa mpira. Mtoto mwenye mfereji ulioziba bila makovu ana bahati nzuri zaidi. Aliyechanika ndani kwa maambukizi, bahati yake ni ndogo. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Mbale kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita waliopata kichwa kikubwa baada ya maambukizi. Nusu walipangiwa tundu na kuchoma, nusu mpira, kwa kura. Baada ya mwaka, akili za watoto zilipimwa na hakukuwa na tofauti. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na 24 ya wenye mpira, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa kubwa vya kutosha kutoa hukumu.

Mwingine akisoma hapo atasema basi, tuendelee na mpira. Mimi nasoma tofauti. Tundu likishindwa, mara nyingi hushindwa miezi sita ya mwanzo, wakati mama bado yuko kwenye ratiba ya kliniki na namba yetu iko kwenye simu yake. Mpira unaweza kushindwa mwaka wa tatu, wa saba, wa kumi na mbili, mtoto akiwa shule ya bweni na hakuna anayekumbuka kwamba ana kitu kichwani. Kama akili ya mtoto inatoka sawa kwa njia zote mbili, umbali wa nyumbani ndio ungeamua. Hayo ni maoni yangu. Daktari wangu pale mbele anatikisa kichwa, atajibu akipewa nafasi.

Kuna neno moja kwa mgeni rasmi. Kamera hii ni dhaifu. Ikidondoka, au ikichemshwa vibaya na mtu asiyefundishwa, imekwisha, na kununua nyingine si jambo la wiki moja. Ukituletea kamera bila kumsomesha anayeisafisha, umetuletea pambo. Mbale walifundisha madaktari wa nchi nyingi. Naomba siku moja wafundishwe na wauguzi wao kwa idadi hiyo hiyo.

Na kwa kina dada ambao hamjashika mimba: uti wa mgongo wa mtoto hufunga kama siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Wengi wetu siku hiyo hatujui hata kama tuna mimba. Kwa hiyo vile vidonge unavyopewa kliniki mwezi wa nne, ni vizuri kwa damu yako, lakini kwa mgongo wazi vimechelewa. Asidi ya foliki, ile vitamini iliyomo kwenye vidonge hivyo, inatakiwa iwe mwilini kabla. Ndiyo maana kanuni za nchi zinataka viwanda viiongeze kwenye unga wa ngano na wa mahindi tangu 2011. Sembe ya kiwandani ikiwa na alama ya virutubishi, nunua. Lakini mahindi unayobeba kichwani kwenda mashine ya kusaga mtaani kwako, nani anayaongezea? Mgeni rasmi, hilo nalo ni lako.

Futikamba. Mtoto anapimwa juu ya nyusi, juu ya masikio, nyuma pale palipotokeza, mara tatu, unachukua namba kubwa. Anapozaliwa ni kama sentimita 35. Miezi mitatu ya mwanzo kichwa kinaongezeka kama sentimita 2 kila mwezi, mitatu inayofuata kama 1, halafu nusu. Namba moja haisemi kitu, kuna watu tumezaliwa na vichwa vya baba zetu. Namba mbili zilizoandikwa tarehe zinasema. Tunampima uzito kila mwezi kwa mzani wa kuning'iniza, mtoto analia, mama anacheka. Futi yenyewe iko kwenye droo.

Nimekuja na futikamba 40, ziko kwenye kikapu pale mlangoni, za wauguzi wa kliniki. Nimezikata zisizidi sentimita 60 ili msizitumie kushonea vitenge. Na yule kijana wa mstari wa tatu ameamka, naona ananitazama. Mama yake, ukiridhia, mlete tuanze naye.